Nyota Moja Niliyoiacha Malakisi

Mwaka jana nilimdhulumu mama mmoja wa Malakisi, na sikujua mpaka niliporudi huko mwaka huu. Sikumtukana, wala sikukataa kumlipa. Nilibonyeza nyota moja kwenye simu, nikalala.

Huenda msomaji wangu wa Pwani haijui Malakisi. Ni mji mdogo wa kaunti ya Bungoma, karibu na mpaka wa Uganda, katika nchi ya tumbaku na pamba. Dada yangu mdogo ameolewa huko. Nilipokwenda kumpongeza kwa kujifungua, basi lilichelewa, nikaingia mjini usiku nikiwa na njaa. Sikutaka kumsumbua mzazi kwa chakula, nikafungua ramani ya simu kutafuta hoteli ya kula.

Niliyoipata ilikuwa na maoni ya watu wawili, kila mmoja ameipa nyota tano. Nikaona nimefika. Basi nilingoja karibu saa nzima. Ugali ulikuja umepoa. Nilipomuuliza kijana aliyeniletea ni nani aliyemchinja kuku, alinikodolea macho tu. Nikala ugali na mboga, nikalipa, nikatoka nimefura. Hasira zangu zikaishia kwenye ile nyota moja.

Mwaka huu shemeji yangu alinichukua kwenda kula mchana. Nikashtuka kuona ananiingiza hoteli ileile. Safari hii mwenyewe alikuwepo, mama wa makamo, na kuku wake wa kienyeji kwa ugali wa wimbi nimemkumbuka hadi leo. Kuku huchinjwa na jirani yake Muislamu, kwa kuwa wateja wake wengi ni madereva wanaoelekea mpakani na wengine wao ni Waislamu. Katika mazungumzo akatueleza kwamba zamani alikuwa akipata kazi ya kupikia semina za walimu. Siku hizi wanaopanga semina hutazama simu kwanza, na simu inasema hoteli yake ni mbovu.

Shemeji akanigeukia. "Kuna mtu alipita hapa siku mama alipokwenda mazishini, akamwacha mpwa wake ambaye ndiyo kwanza amemaliza shule. Mtu huyo akampa nyota moja. Hebu fikiria, shemeji."

Nilifikiria, wallahi. Chakula kilinishinda kumeza.

Tufanye hesabu kidogo. Nyota tano, tano na moja jumla yake ni kumi na moja. Gawanya kwa watu watatu, unapata 3.67. Kwa kidole changu kimoja nilimshusha yule mama kutoka 5 hadi 3.67. Sasa chukua mkahawa wa Mombasa wenye maoni ya watu 900 na wastani wa 4.2. Nikiupa nyota moja nao, wastani unabaki 4.2. Hasira ni zilezile na kidole ni kilekile, lakini mkubwa hakusikia lolote na mdogo amekosa tenda.

Usiku ule niliifuta nyota yangu. Hoteli ikarudi tano kamili, na hapo ndipo nilipoona kwamba tatizo si mimi peke yangu. Kesho yake mama mwenyewe alicheka akasema mmoja wa wale wawili waliompa tano ni mpwa wake, kijana yuleyule wa ugali baridi. Kwa hiyo ile tano haikuwa haki, na ile 3.67 haikuwa haki. Mizani yenyewe ndiyo mbovu.

Si jambo dogo. Mwaka 2011 mtafiti Michael Luca wa Harvard alichunguza migahawa ya mji wa Seattle, Marekani, akakuta kwamba nyota moja zaidi kwenye mtandao wa Yelp huongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9. Waliofaidika au kuumia ni migahawa ya watu binafsi. Ile ya makampuni yenye matawi kila mahali haikutikisika, kwa sababu mteja anaijua tayari. Kwa maneno mengine, nyota humgusa zaidi asiye na jina.

Na penye pesa hapakosi ujanja. Mwaka 2017 kijana mmoja wa London, Oobah Butler, alikifanya kibanda cha bustanini kwake kuwa mgahawa nambari moja wa jiji hilo kwenye TripAdvisor, kwa maoni ya uongo. Hakikuuza hata sahani moja. Marekani ilitunga kanuni ya kupiga marufuku maoni ya kununua na ya kubuni mwaka 2024.

Basi mizani ya haki ingekuwaje? Mimi si mtaalamu wa kompyuta, nina diploma tu na kikokotoo. Lakini nadhani mambo manne yanatosha.

La kwanza, sauti chache zisiruhusiwe kupiga kelele kama sauti nyingi. Njia ipo na ni ya zamani. Mtandao wa filamu wa IMDb umeitumia kupanga orodha yake ya filamu 250 bora. Kila anayeanza hukopeshwa kura kadhaa za wastani wa kawaida, kisha kura za kweli huongezwa juu yake. Tuseme wastani wa hoteli za mji ni 3.5, na kila hoteli inakopeshwa kura kumi za kiwango hicho. Mama wa Malakisi na tano zake mbili angekuwa na 3.75. Nyota yangu moja ingemshusha hadi 3.54. Ningemuuma, lakini nisingemvunja. Mpwa naye asingempandisha shangazi yake hadi mbinguni. Ule mkahawa wa Mombasa wenye watu 900 ungebaki takriban palepale, kwa sababu kura kumi hazina uzito mbele ya mia tisa. Kadiri watu wanavyokula na kusema, ndivyo mkopo unavyopoteza nguvu.

La pili, tusichanganye ladha na usalama. Mteja anaweza kusema kama kuku alikuwa mtamu, kama bei ni nafuu, kama alikaribishwa vizuri. Hayo yaulizwe moja moja, kila moja na alama yake, na kwetu sisi liongezwe swali la uchinjaji. Lakini mteja haoni jikoni. Mwaka 2017 kipindupindu kiliwapata wageni wa mikutano katika mahoteli ya hadhi jijini Nairobi. Nyota hazikuwakinga.

Usafi ni kazi ya mkaguzi, na matokeo yake yanapaswa kuonekana mlangoni. New York tangu 2010 hubandika herufi A, B au C kwenye migahawa. Uingereza ina alama za 0 hadi 5, na Wales imewalazimisha wenye migahawa kuzibandika tangu 2013. Hapa kwetu, Katiba ya 2010 katika Jedwali la Nne ilizipa serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni na kusimamia biashara zinazouza chakula kwa umma. Kaunti hutoza ada na hutuma maafisa wa afya. Kinachokosekana ni sisi walaji kujua afisa alikuta nini na alikuja lini. Nyota za Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, zinazofuata vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni za mahoteli na migahawa ya watalii. Hazikutungwa kwa ajili ya hoteli ya ugali ya Malakisi, wala kwa mama anayekaanga viazi karai Majengo.

Najua utaniambia: afisa naye atahongwa. Inawezekana. Ndiyo maana karatasi ya mlangoni iandikwe tarehe, jina la afisa na mambo aliyoyakuta, si herufi peke yake. Rushwa hupenda giza. Mteja akisoma kwamba maji ya kunawa yapo na akakuta bomba kavu, ana pa kuanzia kulalamika.

La tatu, maoni yazeeke. Hoteli iliyokuwa chafu miaka mitatu iliyopita huenda imebadili mpishi, na iliyokuwa safi huenda imeuzwa. Maoni ya mwezi huu yawe na uzito kuliko ya mwaka juzi.

La nne, anayesema athibitishe kwamba alikula, na anayesemwa apate nafasi ya kujibu. Watu wengi Kenya hulipa kwa simu, hivyo ujumbe wa malipo unaweza kuwa ushahidi kwamba mtu alikuwepo. Anayelipa taslimu apewe risiti yenye nambari. Kisha, kabla ya nyota ya chini kuonekana kwa ulimwengu, mwenye hoteli apelekewe malalamiko na siku chache za kueleza au kurekebisha. Asiyejibu, nyota itoke. Anayejibu, jibu litoke pamoja nayo.

Hili la nne nilifundishwa na yule mama mwenyewe. Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga, nikamwambia ukweli kwamba mtu wa nyota moja ndiye mimi. Nilitarajia anifukuze. Alinitazama kidogo akasema, "Baba, ungerudi kesho yake ukaniambia, ningekupikia tena bure."

Sisi tuliolelewa na Sura ya Mutaffifin tangu chuoni tunajua onyo kwa wanaopunja vipimo. Tulidhani linamhusu muuza unga na muuza samaki. Leo mizani iko mkononi mwa mnunuzi pia, naye anaweza kupunja kama muuzaji, tena akiwa amelala kitandani.

Makampuni ya ramani hayatanisikiliza mimi. Lakini kaunti zetu za Mombasa, Kilifi, Kwale, Lamu na Tana River, pamoja na Bungoma, zinaweza kuanza na karatasi ya mlangoni bila kumngoja mtu wa ng'ambo. Nasi tunaweza kuanza leo: ukila vibaya, mwite mwenyewe umwambie. Ukirudi na ukala vibaya tena, hapo bonyeza.

Mimi nimebonyeza upya. Nimempa nne, kwa sababu kungoja bado ni kurefu, na nimeandika jina la siku niliyokula na chakula nilichokula. Na kuhusu uchinjaji nimeeleza nilichoambiwa, ili msafiri mwenzangu atakayeingia Malakisi usiku asipate tabu ya kuuliza.