Dumu la Maji Nyuma ya Kiti

Ukitaka kujua jinsi wengi wetu tunavyotunza mali, usituulize. Tazama nyuma ya kiti cha dereva. Utaona dumu la plastiki la lita tano, limejaa maji. Mwenye gari huliona dumu hilo kuwa dalili ya busara, ya mtu aliyejiandaa kwa safari. Mimi nasema ni ushahidi dhidi yake. Rejeta nzima hainyweshwi kila asubuhi kama ndama. Gari linaloomba maji kila siku linavuja, na anayelinywesha bila kutafuta linapovujia anaficha maradhi. Wahenga walikwisha kutuambia mwisho wake: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hoja ninayoipinga hapa inajulikana katika kila gereji ya chini ya mwembe. Husemwa hivi: "Nchi yetu ni ya joto, mzee. Kulanti ni ya Wazungu wenye barafu. Huku kwetu maji ya bomba yanatosha. Na hii thamostati tuitoe, inazuia maji kuzunguka." Nimeisikia kwa mafundi, nimeisikia kwa madereva wa malori, na nimeisikia hata kwa walimu wenzangu wa sayansi. Hao wa mwisho ndio walionisikitisha zaidi, kwa kuwa walifundisha habari za kutu darasani, kisha wakaifuga ndani ya magari yao.

Ndugu msomaji, huenda unalikumbuka jaribio la misumari mitatu. Msumari wa kwanza uliwekwa mahali pakavu, haukuota kutu. Wa pili ulitiwa katika maji ya kawaida, ukaota kutu baada ya siku chache. Wa tatu ulitiwa katika maji yaliyochemshwa, yakafunikwa kwa mafuta juu ili hewa isiingie, nao ukabaki kama ulivyokuwa. Somo ni kwamba chuma hakiliwi na maji peke yake. Huliwa na maji yakishirikiana na oksijeni. Njia za maji za injini, zikiwa zimefungwa barabara, hukaribia hali ya ule msumari wa tatu. Oksijeni iliyomo ndani hutumika ikaisha, na kutu hupungua mwendo. Lakini kila unapomimina maji mapya ya dumu, umemimina na oksijeni mpya. Unadhani unaipa injini kinywaji, kumbe unailisha kutu.

Tena dumu halileti oksijeni tu. Tazama birika la chai la nyumbani lilivyoota ukoko mweupe ndani. Ukoko huo ni chokaa na madini yaliyokuwa yameyeyuka katika maji. Maji huondoka kwa mvuke, madini hubaki. Ndani ya injini ukoko huo hujijenga hasa pale penye moto mkali, kandokando ya silinda, yaani pale ambapo joto lilitakiwa litoke kwa urahisi. Maji ya kisima cha pwani huongeza chumvi, na chumvi hula aluminiamu, madini ambayo hutumika sana siku hizi kutengenezea rejeta na vichwa vya injini. Kutu, chokaa na vumbi la dumu vikikutana hufanya tope la rangi ya kahawia. Tope hilo huziba vijia vyembamba vya rejeta, navyo vikishaziba, hata ukiongeza pipa zima la maji, joto halina pa kutokea.

Sasa niijibu hoja ya barafu. Ni kweli kwamba katika nchi za baridi kulanti husifiwa kwa kuzuia maji yasigande. Sisi tumeisikia sifa hiyo moja, tukadhani ndiyo kazi yake yote. Kulanti ina dawa za kukinga vyuma visiliwe, na pia hukipandisha kiwango cha kuchemka. Kwa hiyo mwenye nchi ya joto anaihitaji kwa sababu zake mwenyewe. Maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100 katika usawa wa bahari, lakini katika miinuko ya Mbeya au Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta kimetengenezwa kizuie shinikizo: kikiwa kizima, maji huweza kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Kifuniko kilichochoka, rejeta yenye tope na mlima wa Kitonga vikikutana, dereva hana haki ya kusema kwamba ameonewa na mlima.

Na thamostati? Hiki ni kidude chenye nta ndani yake, nayo nta huyeyuka na kufungua njia maji yakifika takriban nyuzi 82 hadi 90. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake upesi na kuidumisha hapo. Ukiitoa, injini hufanya kazi ikiwa baridi, hunywa mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Katika baadhi ya injini, tundu lililoachwa wazi huyarudisha maji ya moto kwenye injini bila kupitia rejeta, na gari likachemsha kwa sababu ya dawa ileile iliyodaiwa kulipoza.

Ataniambia mtu, "Mwalimu, kulanti ni ghali, na nyingine ni maji ya rangi tu." Nakubali yote mawili. Mwenye daladala anayehesabu shilingi za jioni simcheki. Lakini naye ahesabu upande wa pili: gasketi iliyoungua, kichwa cha injini kilichopinda, na siku ambazo gari limelala gereji huku watoto wanadaiwa ada. Kuhusu maji ya rangi, anunue kwa muuzaji anayemjua, wala asiiamini rangi, maana kulanti za aina tofauti zikichanganywa huweza kuganda kama uji. Ichanganywe na maji yaliyotoneshwa, nusu kwa nusu, au kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Iwekwe mbali na watoto, isitiwe katika chupa ya soda: kulanti nyingi zina sumu yenye ladha tamu.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, sheria ya lori letu ilikuwa moja. Dereva hakukatazwa kuongeza maji. Alitakiwa aandike tarehe na kiasi katika daftari. Yakiandikwa maji mara tatu katika mwezi mmoja, lori halikutoka mpaka mpira au bomba linalovuja limeonekana. Madereva walinung'unika kwamba mkuu anawafanya wanafunzi. Sikuona tusi hapo. Mwanafunzi ni mtu anayeandika alichokiona ili ajue sababu yake, na gari lisiloandikwa huharibika kwa siri.

Ninachokidai si utajiri. Zibeni panapovuja kabla ya kuongeza. Tieni kulanti ya kweli, na tarehe yake iandikwe chini ya boneti, kwa kuwa dawa zake huchoka na kubadilishwa ni lazima. Rudisheni thamostati mahali pake. Nawe mwenye gari, kesho alfajiri, injini ikiwa baridi kabisa (ikiwa ya moto usiiguse, itakuunguza), fungua kifuniko uchungulie. Ukiona maji ya rangi ya mto uliofurika, usimwite fundi umlaumu kwanza. Lishushe dumu garini, kisha mwite aje kutafuta panapovuja.