Plasta Inayobana Haingoji Asubuhi

Leo nina neno na mzazi ambaye mwanawe ameanguka kutoka juu ya mpera, akavunjika mkono karibu na kiwiko, akapelekwa hospitali, akafungwa plasta na kurudishwa nyumbani jioni. Usiku mtoto analia. Anapewa dawa ya maumivu, bado analia. Baba anasema mfupa uliovunjika lazima uume, na kwamba watarudi siku ya kliniki kama walivyoambiwa. Jirani anaongeza kuwa plasta ya daktari haiguswi. Mimi nasema mtoto huyo arudishwe hospitali usiku huo huo, na anayemrudisha asimwombe mtu radhi.

Ili uelewe sababu, msomaji, ni lazima kwanza ujue damu hufikaje mkononi. Inatoka moyoni kwa mshipa mkuu uitwao aota. Kwa kila upande, mshipa mmoja mkubwa hupita chini ya mtulinga, juu ya ubavu wa kwanza, ukaingia kwapani, kisha ukateremka upande wa ndani wa mkono kando ya ule msuli ambao vijana hupenda kuutunisha. Sisi madaktari huubadilisha jina njiani: subklavia, kisha aksilari, kisha brakia. Usibabaike na majina hayo. Ni kama barabara ile ile ya Nairobi inayoanza ikiitwa Waiyaki Way, ikawa Uhuru Highway, na mwishowe Mombasa Road.

Kuanzia kwapani hadi kiwikoni barabara kuu ni hiyo moja. Kuna vichochoro vinavyokizunguka kiwiko na ambavyo huokoa mikono mingi barabara kuu inapozibwa, lakini kichochoro ni kichochoro. Chini kidogo ya kiwiko mshipa huo hugawanyika mara mbili. Mmoja hufuata upande wa kidole gumba, na huo ndio daktari huushika anapohesabu mapigo. Wa pili hufuata upande wa kidole cha mwisho. Ndani ya kiganja miwili hiyo hukutana tena na kufanya matao mawili, na kutoka kwenye matao hayo kila kidole hupata mishipa miwili, mmoja kila upande.

Kwa hiyo kiganja kimepangiwa akiba nzuri. Mwaka 1929 daktari Mmarekani Edgar Allen alieleza njia ya kuipima akiba hiyo, na hadi leo tunaitumia. Mgonjwa hukunja ngumi, daktari akabana mishipa yote miwili penye kifundo, mgonjwa akafungua kiganja kikiwa kimepauka, kisha daktari akaachilia mshipa mmoja tu. Kwa watu wengi rangi hurudi katika sekunde chache, ishara kwamba mshipa mmoja unaweza kukilisha kiganja chote. Lakini akiba hiyo iko chini, kiganjani. Kule juu kwenye kiwiko ndiko kwenye hatari, na ndiko watoto wetu huvunjika.

Mtoto wa miaka 5 hadi 7 akianguka kwa mkono ulionyooka, mara nyingi mfupa wa mkono wa juu huvunjika juu kidogo tu ya kiwiko. Ncha kali ya mfupa husukumwa mbele, pale pale unapopita mshipa nilioutaja. Unaweza kubanwa, kupindwa au kuchanika. Hatari hiyo huonekana mapema, kwani kiganja hupoa na mapigo hupotea, na daktari aliye macho atachukua hatua.

Hatari ya pili ndiyo inayonifanya niandike. Misuli ya kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, imefungwa ndani ya utando mgumu usiotanuka, mithili ya soseji katika ngozi yake. Baada ya kuvunjika, misuli huvimba. Ikivimba haina pa kwenda, na tukiongeza juu yake plasta iliyokaza, shinikizo la ndani hupanda hadi kuishinda nguvu ya damu katika mishipa ile midogo kama nywele inayolisha misuli na neva. Mshipa mkubwa, wenye nguvu zaidi, bado hupitisha damu. Mhudumu akishika kifundo atasikia mapigo, na atamwambia mama kwamba mkono uko sawa. Mkono hauko sawa. Mapigo yapo na misuli inakufa. Hapa hudanganyika hata watu waliosomea kazi hii, na ndiyo sababu sikubali mzazi atulizwe kwa neno "mapigo yapo" pekee.

Neva huanza kulalamika mapema sana. Misuli iliyokosa damu kwa saa 6 hivi huanza kuharibika kwa namna isiyorekebishika. Hufa, na mahali pake huja kovu, nalo kovu hujikunyata. Mwaka 1881 daktari Mjerumani Richard von Volkmann alieleza matokeo yake: kifundo kimepinda na vidole vimekunjamana kama kucha za ndege, mkono usioweza kushika kalamu wala kufunga kifungo cha shati. Zaidi ya karne imepita na bado tunaiona mikono hiyo. Mingine imetokana na vijiti na kamba za waganga wa mifupa, ambao wengi wetu hupenda kuwalaumu. Lakini mingine imetokana na plasta safi nyeupe iliyofungwa hospitalini, na haifai tujifanye hatujui.

Basi utazame nini? Tazama vidole, na kwa sababu hiyo dai kwamba viachwe wazi. Kwa ngozi yetu nyeusi usitafute weupe kwenye mgongo wa mkono, tazama kucha. Bonyeza ukucha upauke, uachilie, na rangi irudi kabla hujamaliza kusema "moja, mbili". Gusa vidole ulinganishe joto lake na vya mkono wa pili. Muulize mtoto kama anahisi ganzi au kuchomwachomwa.

Hata hivyo dalili inayotangulia zote ni maumivu yasiyolingana na jeraha: yanazidi badala ya kupungua, hayasikii dawa, na humfanya mtoto apige kelele ukimnyoosha vidole polepole. Mfupa uliotulizwa ndani ya plasta hauumi kwa kunyooshwa vidole. Misuli inayokosa damu ndiyo inayouma hivyo. Ukiliona hilo, usisubiri ganzi, usisubiri vidole vipoe, kwani zikifika dalili hizo muda mwingi umeshapotea.

Kama ni plasta ya nusu iliyoshikiliwa na bandeji, ilegeze bandeji pamoja na pamba iliyo chini yake kutoka mwisho hadi mwisho, kibao chenyewe ukiache mahali pake, halafu uondoke kwenda hospitali. Plasta ya mzunguko mzima usihangaike nayo kwa kisu cha jikoni. Kwenye chumba cha majeruhi wana msumeno wake. Mkono ukae usawa wa moyo. Kuuinua juu ya kichwa, jambo linalofaa kwa uvimbe wa kawaida, hapa huipunguzia misuli hata damu kidogo iliyobaki. Ukifika, omba plasta ipasuliwe urefu wote hadi ngozi ionekane, bandeji na pamba pia. Pamba iliyoganda kwa damu iliyokauka hubana kama chuma. Maumivu yasipotulia, daktari wa upasuaji atauchana ule utando ili misuli ipumue. Kovu litabaki, na mkono utabaki pia.

Najua usiku mjini una mambo yake. Teksi ni ghali, mtaa si salama, na ukifika unaweza kuambiwa kwa ukali kwamba umewasumbua watu bure. Hilo ndilo hunikera zaidi. Hospitali inayomfunga mtoto plasta na kumtuma nyumbani usiku bila kumwambia mzazi, kwa lugha anayoielewa, aangalie nini na arudi lini, imefanya nusu ya kazi. Karatasi moja ya maagizo kwa Kiswahili ingetosha, na gharama yake haiwezi kuwa kisingizio.

Kuna ufungaji mwingine unaouhatarisha mkono, nao haufanywi na daktari bali na sisi wenyewe. Mtu akikatwa na panga au kioo cha dirisha, jambo la kwanza ni leso kukazwa juu ya kiwiko. Mwaka 1628 daktari Mwingereza William Harvey, katika kitabu chake kuhusu mwendo wa damu, alitumia mkono uliofungwa kitambaa kuthibitisha hoja yake. Kikikazwa sana, mapigo ya chini hutoweka na kiganja hupoa. Kikilegezwa kidogo, damu huingia kupitia mishipa ya ndani lakini haiwezi kurudi kupitia ile iliyo karibu na ngozi, na mkono hufura. Leso nyingi ninazoziona ni za namna hii ya pili. Zinaruhusu damu iingie, zinaizuia isirudi, nayo hutokea kwenye jeraha. Watu husema wamezuia damu, kumbe wameiongeza.

Kwa majeraha mengi, bonyeza. Kitambaa safi, kiganja chako juu ya jeraha, nguvu zako zote kwa dakika 10 bila kuchungulia. Kama kuna kioo kilichozama ndani, usikichomoe. Bonyeza kando zake. Kufunga kuna mahali pake pale damu inaporuka na imekataa kuzuilika kwa kubonyezwa, au mkono umekatika. Hapo tumia kitambaa kipana cha vidole 3, juu ya jeraha na si juu ya kiungo, ukaze mpaka damu ikome kabisa, andika saa uliyofunga, wala usikilegeze njiani. Baada ya saa 2 hivi hatari kwa mkono huongezeka haraka. Na aliyeumwa na nyoka asikazwe kamba hata kidogo. Mkono utulizwe tu, aende hospitali.

Kabla ya yote hayo, mkono ukiwa umeumia na bado haujavimba, vua pete, saa na bangili, na ule uzi uliofungwa kwenye kifundo cha mtoto, ukate.