Dunia inaanzia Kasumbalesa: tuwaache walimu waiingize darasani

Mwezi Agosti 2024, mwalimu mmoja wa mwaka wa sita wa shule ya msingi hapa Lubumbashi alikuwa amekwenda kumtembelea dada yake aliyeolewa Kitwe, nchini Zambia. Likizo ilikuwa inakaribia kwisha. Alipotaka kurudi, akaambiwa mpaka umefungwa. Serikali ya Kongo ilikuwa imekataza kuingiza bia na vinywaji baridi kutoka nje, wasafirishaji wa upande wetu wakaandamana, na Zambia ikafunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Mwalimu alikaa siku chache zaidi kwa dada yake bila kupanga, nyumba haina umeme sehemu kubwa ya siku, akihesabu kwacha zilizobaki mfukoni.

Wengi wangerudi na hadithi ya kulalamika tu. Yeye alirudi na masomo ya miezi mitatu.

Nilifika darasani kwake mara ya kwanza kwa sababu nyingine kabisa, nilikuwa naandika juu ya msongamano wa wanafunzi tangu elimu ya msingi ianze kutolewa bure mnamo Septemba 2019. Watoto walikuwa wanabanana wanne wanne kwenye benchi la watu wawili. Nilikuta ubaoni mchoro wa barabara mbili. Kwenye moja magari yanapita kuume, kwenye nyingine kushoto. Katikati ameandika: Kasumbalesa. Akawauliza watoto: dereva wa lori anayetoka huku, akifika pale, afanye nini? Sijawahi kuona darasa la Katuba lililosimama kujibu kwa kelele namna ile. Kutoka hapo akawapeleka kwa nani aliitawala Zambia, nani alitutawala sisi, kwa nini wao wanasoma Kiingereza na sisi Kifaransa, na kwa nini pande zote mbili mabibi wanaongea Kibemba.

Mimi nilisoma jiografia kwa miaka sita bila mtu kunieleza jambo kama hilo. Nilijua kutaja majirani tisa wa Kongo kwa mpangilio, kama wimbo. Angola, Zambia, Tanzania, Burundi, Rwanda, Uganda, Sudan (wakati huo ilikuwa bado moja), Afrika ya Kati, Kongo-Brazzaville. Nikakosea mmoja, fimbo. Lakini nilipovuka Kasumbalesa kwa mara ya kwanza, nikiwa tayari mwandishi wa habari mwenye diploma ya chuo kikuu, nilisimama upande usio sahihi wa barabara nikingoja teksi, mpaka mama mmoja muuza nyanya akanivuta mkono na kunicheka. Kilomita tisini hivi kutoka nyumbani kwetu, nami nilikuwa mgeni kamili.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kwamba mafunzo ya dunia ni ya shule za watoto wa matajiri, zile zinazopeleka wanafunzi Afrika Kusini au Ulaya wakati wa likizo. Huko Kitwe mwalimu huyu hakukaa hotelini, hakupiga picha mbele ya mnara. Alilala sebuleni kwa dada yake. Alichofanya ni kutazama na kuuliza, kisha akaandika kwenye daftari lake la mistari.

Chukua jambo la bunga. Mwaka ule bei ya meka ilipanda, na mtoto mmoja akasema kwa sauti kile anachosikia nyumbani: "Madamu, bale Bazambia banakatala kutuletea bunga." Wenzake wakaitika. Mwalimu hakumkemea. Aliwaambia alichokiona: mashamba ya mahindi yaliyokauka kandokando ya njia, dada yake akipika bukari (kule wanaita nshima) mara moja kwa siku. Akawaeleza kwamba mwezi Februari 2024 rais wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa, kwamba maji ya ziwa la Kariba yalishuka, na kwamba ukosefu wa maji Kariba ndio giza la Kitwe. Kisha akawauliza: kama nyumbani kwenu hakuna bunga ya kutosha, je, mama atauzia jirani?

Huenda msomaji ataona ni jambo dogo. Mimi silioni dogo. Mji huu unajua maneno ya "bale" yanaweza kufika wapi. Wakubwa wetu wanakumbuka 1992 na 1993, jinsi Wakasai walivyofukuzwa Katanga, wengine waliozaliwa hapahapa, wakingoja treni kwa majuma kwenye stesheni. Chuki ile haikuanza siku moja. Watoto walikuwa wameisikia mezani kabla hawajaiona barabarani. Mwalimu anayemjibu mtoto wa miaka kumi na mmoja kwa habari za kweli juu ya jirani yake anafanya kazi ambayo hotuba zetu za umoja hazijawahi kuiweza.

Mkuu wa shule, hata hivyo, hakufurahi. Alimwita mwalimu ofisini na kumwambia kwamba Kariba na Thomson havimo katika mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, na kwamba wazazi watahesabu ni watoto wangapi waliofaulu, wala hawatauliza walijifunza nini kuhusu Zambia. Namwelewa kidogo. Yeye naye anahesabiwa kwa matokeo hayo hayo. Lakini nimesoma daftari za watoto wale. Somo la samaki Thomson, yule anayeliwa karibu kila nyumba hapa, lilikuwa na hesabu za kweli ndani yake: samaki anavuliwa baharini Namibia, anagandishwa, anapanda lori, anavuka Zambia, anafika sokoni kwetu; kila hatua kuna gharama, watoto wajumlishe na kutoa faida ya muuzaji. Kwa Kifaransa waliandika barua kwa dereva. Ni mtihani gani unaoharibiwa na kazi ya namna hiyo?

Na mto. Watoto wetu wote wanafundishwa kwamba mto Kongo una urefu wa kilomita 4,700 hivi na kwamba unakata ikweta mara mbili. Wachache wanaambiwa kwamba tawi lake refu zaidi, Chambeshi, linaanzia Zambia, linapita kwenye mabwawa ya Bangweulu, linakuwa Luapula na kuchora mpaka wetu, linaingia ziwa Moero, kisha linatoka kwa jina la Luvua kwenda kukutana na Lualaba. Maji tunayojivunia kama ya kwetu yanatoka kwa jirani. Nilimwona mtoto mmoja akirudisha kidole chake kwenye ramani kutoka Banana hadi Chambeshi, mara mbili, kama mtu anayekagua hesabu ya duka.

Lakini si kila safari inafaa darasa. Namjua mwalimu mwingine aliyepata bahati ya kwenda Ulaya kwa mafunzo ya majuma mawili. Aliporudi, mwaka mzima wanafunzi wake walisikia jambo moja: kule barabara ni safi, kule treni inafika kwa wakati, kule watu wanaheshimu foleni. Watoto walitoka pale wakijua kwamba wao wamezaliwa mahali pabaya. Hakuwaambia jambo hata moja juu ya kobalti inayotoka chini ya miguu yao na kwenda kuendesha betri za magari ya kule. Kuliko safari kama hiyo, bora dada wa Kitwe.

Na wale walimu ambao hawana dada ng'ambo, wala pesa ya njia? Hapa ndipo nadhani tunakosa kuona tulicho nacho. Lubumbashi ni mji wa watu waliotoka mahali pengine. Reli iliufikia mwaka 1910 ikitoka kusini, na wafanyakazi wengi wa kwanza wa migodi waliletwa kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Ndiyo sababu Kiswahili chetu kimejaa Kibemba. Kila siku malori ya shaba yanatoka hapa kuelekea Dar es Salaam, Durban, Walvis Bay na Beira. Mwalimu huyu alimwomba dereva mmoja Mtanzania, aliyekuwa anangoja karatasi za mzigo, aje darasani asubuhi moja. Watoto walishangaa kumsikia akisema maji, wao wanasema mayi. Akisema ugali, wao bukari. Na kwamba kwake masomo ni yale unayojifunza, si jengo unalokwenda. Walicheka, naye akacheka. Kisha akawaeleza siku zake njiani mpaka Tunduma na foleni ya pale. Haikugharimu shule hata faranga moja, isipokuwa soda ambayo mwalimu alinunua mwenyewe.

Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Tumeambiwa ni soko, ni viwanda, ni biashara. Sijasikia mtu akisema watoto wetu wataandaliwa vipi kuishi na watu hao. Ninachoomba si bajeti mpya. Najua namna mshahara wa mwalimu unavyochelewa, sitaongeza ndoto juu ya deni. Naomba mkaguzi anapokuta somo la Thomson ubaoni, aulize watoto wamejifunza nini kabla ya kuandika kwamba mwalimu ametoka nje ya programu. Naomba mkuu wa shule atoe saa moja kwa juma. Naomba mamlaka za mpaka zimpe mwalimu anayesafiri wakati wa likizo karatasi ya kupita bila kumzungusha madirisha manne na kumdai "ya maji" kwenye kila dirisha.

Juma lililopita nilimuuliza atakwenda wapi likizo hii. Akasema Kitwe haiwezekani, nauli imepanda. Ameweka pesa kidogo ya kufika Kasenga. Kwa miaka yote hiyo amefundisha mto Luapula, lakini hajawahi kuuona.