Hata Dawa ya Fedha, Vijidudu Huizoea

Leo nina hoja moja tu. Anayekuuzia maji ya madini ya fedha, au silva kama wengine mnavyosema, kwa maelezo kwamba "vijidudu haviwezi kuizoea kamwe", anakuuzia maneno. Vinaweza, na imeshatokea.

Tumpe haki yake kidogo. Antibiotiki nyingi hugonga sehemu moja ya bakteria, lakini fedha hugonga sehemu nyingi kwa mpigo: huharibu utando wake na kukwamisha protini zake. Ndiyo maana usugu dhidi ya fedha haujaenea kama ule wa tetrasaiklini, ambayo wafugaji wengi wanaimwaga kwenye maji ya kuku kama chumvi kwenye mboga. Ila kutoenea siyo kutokuwepo.

Mwaka 1975 iliripotiwa habari ya Salmonella iliyoingia wodi ya majeruhi wa moto katika Massachusetts General Hospital, Marekani. Vidonda vilikuwa vinatibiwa kwa dawa ya fedha, na bakteria huyo hakutetereka. Wagonjwa 3 walikufa na wodi ikafungwa. Baadaye wataalamu waligundua siri yake: ana protini inayoinasa fedha kabla haijaingia ndani, na pampu zinazoitupa nje. Uwezo huo umo kwenye kipande cha vinasaba kinachoitwa plasmidi, ambacho bakteria mmoja humpa mwenzake.

Sasa hapa ndipo pa kuogopa. Plasmidi hiyohiyo ilibeba pia usugu dhidi ya antibiotiki kadhaa. Kwa hiyo ukimwaga fedha bandani, bakteria wanaopona wanaweza kuwa ndio walewale wasiosikia antibiotiki. Unadhani umekwepa tatizo, kumbe unalilea.

Na zile chembe ndogo mno, "nano"? Mwaka 2018 watafiti wa Jamhuri ya Czech walionyesha kwamba bakteria wakizoeshwa dozi ndogo mara kwa mara hutoa protini inayozigandisha chembe hizo pamoja, zikapoteza nguvu.

Dozi ndogo mara kwa mara ndiyo hali halisi ya banda letu. Maji yana chumvichumvi, mnyweshea una pumba na kinyesi, na vyote hivyo huipunguza fedha makali. Inayobaki haiui, inafundisha tu. Halafu sehemu kubwa ya anayokunywa kuku hutoka na kinyesi, kinyesi kinakuwa mbolea, mbolea inaenda kwenye mchicha.

Mimi msimamo wangu ni kwamba fedha tuwaachie hospitali. Mtoto akimwagikiwa na uji wa moto, moja ya dawa atakazopakwa ni krimu yenye fedha. Tusiiue nguvu yake kwa ajili ya kuku wa wiki 5.

Utasema, "Afisa, sasa nifanye nini?" Fanya haya ambayo hayana mbwembwe:

1. Osha vyombo vya maji kila siku kwa sabuni. Uchafu ukitoka ndipo utumie klorini kwa kipimo cha kwenye lebo.
2. Chanja kwa ratiba. Kideri na Gumboro ni virusi. Usisubiri chupa ya fedha ikuponyeshee kuku. Siku ya chanjo ya maji, usiweke dawa yoyote ya kuua vijidudu, utaiua chanjo.
3. Badilisha maranda yaliyolowa, na weka dawa ya kukanyaga mlangoni.
4. Kuku wakifa mfululizo, peleka mzoga maabara ya mifugo kabla hujanunua dawa yoyote.

Na muuzaji akikujia, muulize maswali mawili: imesajiliwa kwa mifugo? Na kipimo chake kimejaribiwa kwenye maji machafu ya bandani au kwenye glasi safi tu? Akianza kujiumauma, funga pochi yako, hela hiyo kanunulie chanjo.