Faini ya Kuchelewa Kodi: Haki ya Mpangaji na Haki ya Mwenye Nyumba



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), juma hili twapenda kuzungumza juu ya jambo linalozitia huzuni nyumba nyingi za Voi kila mwezi unapoanza, nalo ni faini anayotozwa mpangaji aliyechelewa kulipa kodi.

Mji wetu umejaa wapangaji ambao riziki yao haiji kwa tarehe. Yuko dereva wa lori wa njia ya Taveta, yuko mchimba vito, yuko kibarua wa mkonge kule Mwatate, yuko na mfanyakazi wa hoteli za Tsavo ambaye kipato chake hufuata msimu wa watalii. Kodi nayo hudaiwa tarehe 5. Ajenti abishapo hodi, aghalabu humkuta mama peke yake na watoto, akadaiwa pesa ambazo hata hakujua kwamba zilikubaliwa.

Tuchukue mfano. Kodi ni shilingi 5,000, na faini ni shilingi 200 kwa kila siku baada ya tarehe 5. Mpangaji akilipa tarehe 15, faini imekwisha kufika 2,000. Analeta 5,000 zake zote, lakini ajenti anakata kwanza 2,000 za faini, kisha anaandika kwamba kodi imebaki 2,000. Baki hiyo nayo inaendelea kutozwa 200 kila siku. Ikifika tarehe 30, faini mpya ni 3,000. Basi mama huyu ametoa kodi ya mwezi mzima, na bado anadaiwa 5,000. Mwezi wa pili akifungiwa mlango kwa kufuli, majirani husema halipi kodi, ilhali kodi ameilipa.

Sheria ya dini yetu yasemaje? Kodi ikishaiva huwa ni deni. Kuongeza juu ya deni kwa sababu tu muda umepita ndiyo riba iliyojulikana tangu zama za Jahiliya, ambapo mdaiwa alitakiwa alipe au aongezewe. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Riyadh mwaka 2000 lilitofautisha mambo mawili: sharti la fidia laweza kuwekwa katika mikataba kama ya ujenzi, fundi anapochelewesha kazi, ama pale ambapo wajibu wenyewe ni deni la fedha, halifai. Kwa hivyo, hata mpangaji akiwa ametia saini, saini haihalalishi riba. Na katika Surat al-Baqara, aya ya 280, twafundishwa kumpa muda mdaiwa aliye katika dhiki mpaka apate wasaa.

Lakini tusiisome aya hiyo nusu. Mtume (S.A.W.) amekuhesabu kuchelewesha deni kwa mwenye uwezo kuwa ni dhuluma. Mwenye nyumba huenda ni mjane, na vyumba vyake viwili pale Sofia au Kaloleni ndivyo vinavyomlisha. Anayenunua televisheni ilhali kodi ya watu imelala hana hoja ya kusimama nayo mbele ya Mola wake. Twapinga faini, kodi yenyewe ni haki ya mwenyewe, nayo ilipwe.

Na sheria ya nchi? Mahakama za Kenya hufuata kanuni kwamba fidia ya kuvunja mkataba iwe makadirio ya haki ya hasara, wala isiwe adhabu ya kumtisha mtu. Nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, ambayo humkataza mwenye nyumba kumsumbua mpangaji ili ahame au alipe zaidi. Mama mwenye duka au cherehani yake mjini, ambaye hana mkataba wa maandishi, hulindwa na Sura ya 301. Masharti yake ya upangaji hayabadilishwi ila kwa notisi rasmi ya muda usiopungua miezi miwili, naye ana haki ya kulipeleka shauri mbele ya Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara. Basi faini iliyotangazwa kwa karatasi iliyobandikwa ukutani si notisi hiyo.

Wengi hutuuliza kama shauri la kodi lapelekwa kwa Kadhi. Jawabu ni la. Ibara ya 170 ya Katiba ya mwaka 2010 imeipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Kadhi au imamu aweza kusuluhisha kwa ridhaa ya pande zote mbili, lakini hukumu ya kodi si ya mahakama yake.

Basi mpangaji afanye nini?

Kwanza, alipe kodi yenyewe, wala asiizuie kwa sababu ya ugomvi wa faini. Akiizuia, atakuwa amempa mwenzake hoja ya haki.

Pili, kabla ya kutuma pesa aandike ujumbe mfupi kwa mwenye nyumba au ajenti: "Shilingi 5,000 hizi ni kodi ya mwezi wa Machi peke yake. Faini siikubali, naomba tuizungumze." Kanuni ya kale ya sheria ya mikataba humpa mdaiwa haki ya kutaja, wakati wa kulipa, ni deni lipi analolilipa. Akinyamaza, anayepokea ndiye atakayechagua, na hapo ndipo zile 2,000 za mfano wetu zinapozaliwa.

Tatu, ahifadhi ujumbe wa M-Pesa na risiti zote, na aombe hesabu ya maandishi inayotenga kodi na faini. Aya ya 282 ya sura ile ile imetuamrisha kuandikiana madeni ya muda na kuweka mashahidi.

Nne, mume na mke waujue mkataba wote wawili. Makazi ni katika nafaka iliyo juu ya mume, basi si uungwana aondoke kwenda safari na kumwachia mke mlango wa kubishiwa hodi bila ya kumweleza lililokubaliwa. Na akijua kwamba mshahara utachelewa, aseme kabla ya tarehe 5, wala asizime simu.

Nanyi wenye nyumba, ziko njia za halali. Ombeni amana ya mwezi mmoja mwanzoni. Sogezeni tarehe ya kodi ifuate siku ya mshahara wa mpangaji. Anayewashinda kwa makusudi, mpeni notisi na mwende mahakamani. Msijichukulie sheria kwa kufuli wala kwa kuvitoa vyombo vya watu nje, kwani hata kukamata mali kwa malimbikizo ya kodi kuna sheria yake, Sura ya 293, na hufanywa na dalali mwenye leseni. Na ambaye amekwisha kuchukua faini, na arudishe, au aihesabu katika kodi ya mwezi ujao. Atakuwa ameisafisha mali yake, na mpangaji wake atalala usingizi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, atuepushe na dhuluma ya kutenda na ya kutendewa. Wabillahi tawfiq.