Hoteli za Orlando: Mzazi Asifichwe Hesabu

Tangu Walt Disney World ifunguliwe karibu na Orlando, Marekani, mwaka 1971, hoteli za jirani hupandisha bei shule zikifungwa. Wenyewe husema ni soko. Soko tunalikubali. Tunachokataa ni kumwita mzazi kwa bei ndogo, kisha kumbandikia ada asizozijua wakati ameshalipa nauli za watoto.

Kanuni ya Marekani ya Mei 2025 inataka ada zote za lazima zionyeshwe mapema. Lakini kodi yaweza kubaki nje: katika Orange County ni asilimia 12.5, hivyo chumba cha dola 200 huwa 225.

Wazazi, ulizeni jumla kwanza. Biashara ya haki haiogopi kuulizwa hesabu.