Suti Haimpandishi Mtu Daraja

Nguo ya safari ndefu ya ndege huchaguliwa kwa kuangalia kiti. Humo ndimo abiria atakamokula, atakamolala na atakamoamkia, kwa saa sita au kumi na tano kutegemea anakokwenda. Wasindikizaji, wapiga picha na ofisa wa uhamiaji wa upande wa pili, hata wakijumlishwa wote, hawamwoni kwa saa mbili. Afrika Mashariki imeamua kuvalia hizo saa mbili.

Mfano kamili ulionekana wiki hii nje ya jengo la tatu la abiria la Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Kijana anayekwenda kuanza muhula wa Januari huko Toronto, kwa kupitia Dubai, aliteremka kwenye Coaster akiwa ndani ya suti ya vipande vitatu, tai aliyofungwa na mtu mwingine, na viatu vyenye ncha ambavyo soli yake bado ilikuwa na kibandiko cha bei. Ukoo mzima uliteremka nyuma yake. Msimamizi wa mavazi alikuwa baba mkubwa, na mama mtu alipothubutu kusema kwamba mtoto anatiririka jasho, alijibiwa hadharani: "Shemeji, ndege siyo daladala. Wakimwona yuko nadhifu watampandisha daraja la mbele." Mama akasema, "Haya, shemeji," akamfuta kijana uso kwa upindo wa kanga.

Kauli hiyo inafaa kuchambuliwa kwanza, kwa kuwa ndiyo mama wa makosa mengine yote. Abiria hupandishwa daraja pale shirika linapokuwa limeuza tiketi nyingi za daraja la kawaida kuliko viti vilivyopo, na huku viti vya mbele vikiwa vimebaki. Wanaofikiriwa mwanzo ni wanachama wa mpango wa shirika wa wasafiri wa mara kwa mara, kisha waliolipa nauli ya juu zaidi. Orodha hupangwa na kompyuta, mara nyingi kabla abiria hajafika kaunta, na kompyuta haijawahi kuona tai. Mtu mwenye tiketi ya bei nafuu iliyonunuliwa kwa mchango wa ukoo atakaa nyuma hata akija na joho la mahafali.

Asili ya imani hii inajulikana. Ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria wa kulipa, Comet ya shirika la BOAC, ilianza safari ya London hadi Johannesburg Mei 1952 na mojawapo ya vituo vyake ilikuwa Entebbe. Waliopanda walikuwa matajiri na wakubwa wa serikali, na walivaa kama walivyovaa ofisini. Wanafunzi 81 wa Kenya walioruka kwenda Marekani mwaka 1959 kwa juhudi za Tom Mboya nao walivalia tukio la kihistoria, na walistahili. Tangu hapo nauli imeshuka na viti vimesogezwa hadi magoti ya mtu yanagusa mgongo wa mwenzake. Suti peke yake ndiyo haijapata habari.

Hatua ya kwanza inayoihukumu nguo ni ukaguzi wa usalama. Mashine hushtushwa na madini: bizimu ya mkanda, saa, bangili, vifungo vizito, pini za hijabu. Viatu viliingia kwenye orodha ya washukiwa baada ya Desemba 2001, Richard Reid alipojaribu kulipua ndege iliyokuwa ikitoka Paris kwenda Miami kwa vilipuzi alivyovificha kwenye soli. Marekani iliacha kuwavua abiria wote viatu Julai 2025, lakini ofisa wa uwanja wowote bado anaweza kumwamuru mtu avue, na huamuru. Kiatu cha safari kwa hiyo ni kile kinachovulika bila kuinama, na suruali ya safari ni ile inayokaa kiunoni bila mkanda. Kijana wa Toronto alikuwa na mkanda, kizibao chenye bizimu yake mgongoni, saa ya kuazima na kamba za viatu zilizofungwa mafundo mawili. Foleni nzima ilisimama kumngoja avuliwe utukufu.

Baada ya hapo ni hewa. Ndege inapokuwa futi 35,000 au zaidi, hewa ya ndani hushindiliwa ili watu wapumue, lakini haifikishwi kiwango cha pwani. Katika ndege nyingi hali ya ndani inaweza kulingana na ya mlima wa futi 8,000, yaani takriban mita 2,400. Katika Boeing 787 ni kama futi 6,000. Mkazi wa Dar es Salaam hujikuta, kabla hajamaliza soda ya kwanza, amepandishwa juu kuliko Mbeya au Nairobi. Kanuni ya gesi inayofundishwa sekondari hufanya kazi bila huruma: msukumo wa nje ukipungua, gesi hutanuka, na katika kimo hicho cha futi 8,000 ile ya tumboni huongezeka kwa karibu theluthi. Jinzi iliyombana mtu vizuri sebuleni humbana vibaya juu ya Bahari ya Hindi. Taiti, mikanda ya kufinyanga tumbo na sketi za kubana zina adhabu hiyo hiyo. Baada ya wali na kuku, kizibao cha bluu cha yule kijana wa Toronto, aliyeketi upande wa pili wa ujia, kilianza kufunguka chenyewe, kifungo baada ya kifungo, na mwenyewe akawa anavirudisha kwa aibu kama aliyeagizwa na mtu asiyekuwepo.

Hewa hiyo ni kavu pia. Hutoka nje, ambako baridi hufika nyuzi 50 chini ya sifuri na unyevu karibu haupo, ikapashwa moto na kuingizwa ndani. Unyevu wake huwa chini ya asilimia 20. Joto la kawaida ni nyuzi 22 hadi 24, lakini usiku taa zikizimwa wahudumu huliteremsha, na walio karibu na dirisha au milango huipata baridi kabla ya wengine. Hapo ndipo jasho la Dar hulipiza kisasi. Shati la poliesta halinyonyi jasho. Huliacha likizagaa mgongoni, na kiyoyozi kikipuliza mtu hutetemeka. Pamba hunyonya vizuri ila hukawia kukauka. Sufu nyepesi hushinda zote mbili, kwa kuwa huendelea kutunza joto hata ikiwa na unyevu, isipokuwa bei yake si ya kila mfuko. Utaratibu unaofaa ni tabaka: fulana ya pamba iliyolegea, shati la mikono mirefu au sweta jepesi juu yake, na kitu cha kujifunika ambacho hakikukopwa kwa mhudumu.

Kuhusu kitu hicho cha kujifunika, wasomaji wa siku nyingi wanajua jibu, na wamekwisha kuituhumu safu hii kwamba inalipwa na viwanda vya kanga. Tuhuma ziendelee. Doti moja ni shuka kwa kipande kimoja na mto kwa kingine. Hufunika kichwa, hufunika mtoto anayenyonya, hutandikwa kwa sala, huzuia mwanga, na ikimwagikiwa na juisi hukauka kabla ya kutua. Mwanamke aliyevaa dera la pamba na kanga begani amevaa vizuri kuliko abiria wengi wa daraja la mbele. Mwanamume ana kikoi, na hakuna sheria ya anga inayomkataza.

Miguu ndiyo sura nzito ya somo hili. Damu ya miguuni hupandishwa kuelekea moyoni kwa msaada wa misuli ya mapaja na ya nyuma ya muundi, ambayo huikamua mishipa kila mtu anapotembea. Akikaa saa nyingi magoti yakiwa yamekunjwa, misuli hulala, damu hutulia chini, na maji hupenya kwenye nyama za nyayo na vifundo. Miguu huvimba. Hilo huwapata wazima na wagonjwa, na kwa wengi hupungua baada ya siku moja au mbili. Kiatu kipya chenye ncha, kilichonunuliwa kwa kipimo cha asubuhi dukani Kariakoo, hakina nafasi ya jambo hilo. Saa ya tatu ya safari kijana alivua viatu. Saa ya tano, ndege ilipoanza kuteremka Dubai, havikuingia tena. Katikati alikuwa amekwenda msalani kwa soksi. Inatosha kusema kwamba majimaji ya sakafu ya msala wa ndege hayatoki bombani peke yake. Raba zilizolegea kidogo, au viatu vyenye mikanda ya kurefushwa, vingemaliza shauri hilo kwa bei ndogo kuliko tai.

Damu inayotulia inaweza pia kuganda, na bonge likichomoka mguuni na kufika kwenye mapafu huua. Utafiti uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari hiyo huongezeka takriban mara mbili baada ya safari ya saa nne au zaidi, iwe ya ndege, gari au treni, ingawa kwa jumla ni ndogo: kama mtu mmoja kati ya 6,000. Huwa kubwa zaidi kwa wanene, kwa wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, kwa warefu waliozidi mita 1.90, na kwa wafupi wasiofika mita 1.60, ambao ukingo wa kiti huwabana nyuma ya magoti. Soksi za kubana zinazoishia chini ya goti, zenye mbano mkubwa kifundoni unaolegea kadiri zinavyopanda, zimethibitika kupunguza mabonge yasiyo na dalili na uvimbe pia. Ziwe za kipimo cha mvaaji. Soksi iliyojikunja ikafanya pete chini ya goti huleta kile ilichonunuliwa kuzuia, na mwenye kisukari au ugonjwa wa mishipa ya miguu amwone daktari kwanza.

Dharura hutokea kwa nadra, na nguo huihusu kwa mambo mawili. Nailoni na poliesta huyeyuka kwenye moto na kugandamana na ngozi. Pamba na sufu hazifanyi hivyo. Viatu virefu vyenye kisigino chembamba huweza kutoboa mtelezo wa kutokea kwa dharura, ndiyo maana wahudumu huamuru vivuliwe. Januari 2, 2024, ndege ya Japan Airlines iliwaka moto kwenye uwanja wa Haneda, Tokyo, baada ya kugongana na ndege ya walinzi wa pwani, na watu wote 379 waliokuwa ndani yake walitoka hai. Waliacha mizigo yao ndani. Abiria anayetafuta viatu chini ya kiti cha mbele wakati huo huwazuia walio nyuma yake, kwa hiyo viatu huwa miguuni ndege inaporuka na inapotua, visivyo na kisigino na vilivyofunikwa mbele.

Kuna safari ambazo mvaaji hana hiari. Mahujaji wa kiume wanaoruka moja kwa moja kwenda Jeddah kwa ajili ya Makka hulazimika kuwa kwenye ihramu kabla ndege haijavuka mikati, yaani mpaka wa kuhirimia, kwa hiyo wengi hujifunga shuka zao mbili zisizoshonwa nyumbani au uwanjani. Hawavai soksi wala kufunika kichwa. Blanketi juu ya mabega linaruhusiwa, na baridi ya ndege ikianza mzee hahitaji fatwa nyingine. Wanaoanzia Madina hawana haja ya kuvaa ihramu ndani ya ndege hiyo. Wafanyabiashara wanaorudi kutoka Guangzhou nao wana vazi lao: jaketi tatu, moja juu ya nyingine, mifuko imejaa chaja, ili mizani isisome kilo zilizozidi. Hao hawahitaji ushauri. Ni watu pekee kwenye foleni wanaojua kwa hesabu kwa nini wamevaa walichovaa.

La mwisho ni koti la kufikia. Toronto mwezi Januari huwa chini ya sifuri, na kati ya mlango wa uwanja na gari kuna hatua za kutosha kumfundisha mgeni jiografia. Makoti ya kazi hiyo hupatikana Karume mjini Dar es Salaam au Gikomba mjini Nairobi, ndani ya marobota ya mitumba, na mengi yamekuja kutoka huko huko kwenye theluji. Mwanafunzi humrudishia Mkanada koti lake kwa nauli yake mwenyewe. Koti hilo hubebwa mkononi au hukunjwa juu ya begi dogo, kwa kuwa mzigo mkubwa unaweza kuchelewa siku mbili. Kijana wa wiki hii alionekana mara ya mwisho Dubai, kwenye lango la ndege ya Toronto, visigino vyake vimekanyaga nyuma ya viatu na saa kama 14 zikimsubiri. Mkononi hakuwa na koti. Lilikuwa ndani ya sanduku kubwa, lilikopakiwa kwa amri ya baba mkubwa, kwa hoja kwamba lingeificha suti.